Namba Kwenye Kiganja cha Kabula

Msichana aliyenilea alifukuzwa nyumbani kwetu kama mwizi kwa ushahidi nilioutoa mimi, na ushahidi wenyewe ulikuwa namba alizokuwa akiandika kiganjani. Kumi na nne. Sita. Ishirini na mbili. Tisa. Nilizinakili zote kwenye daftari la mistari, pamoja na siku, saa na mkono alioandikia, nikampelekea Baba. Nilikuwa na miaka tisa. Kesho yake asubuhi Kabula alipanda basi na begi lake la shangazi kaja, na hakukanyaga tena kwetu.

Kilichonirudisha huko ni kitu kidogo. Juzijuzi fundi alikuja kunifungia intaneti hapa ninapoishi sasa, Shinyanga mjini. Alipomaliza alinionyesha kwenye simu orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa ndani ya nyumba: simu yangu, televisheni, kompyuta, kila kimoja kwa jina lake. Alipotoka nikaifungua tena orodha ile, nikakuta chini kabisa kuna kifaa kisicho na jina, namba tupu. Nilifunga mlango kwa komeo. Nikazunguka vyumba vyote na simu mkononi, nikachungulia hadi nyuma ya friji, mpaka nilipofika dirishani nikamwona fundi bado yuko getini anapiga soga na mlinzi. Namba ile ilikuwa ya simu yake. Nilicheka peke yangu, ila komeo sikulifungua. Nilishawahi kumshuku mtu kwa sababu kama hiyo.

Tuliishi Geita mjini, kwenye nyumba iliyotazama barabara ya vumbi jekundu. Chumba cha mbele kilikuwa duka la Mama la steshenari: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, fomu za kila namna. Mpaka leo nikisikia harufu ya wino wa mashine ya fotokopi ukipata moto, naona mgongo wa Mama ameinamia mashine, kanga imefungwa kiunoni. Chumba cha nyuma kabisa kilikuwa cha kazi cha Baba. Baba alikuwa mpimaji. Wachimbaji wadogo walimpeleka porini na kifaa chake cha kupimia, akasimama kwenye kila pembe ya eneo walilotaka kuliombea leseni, akaandika vipimo, halafu akarudi kuchora ramani kwenye kompyuta. Bila ramani hakuna leseni, na bila leseni mtu anachimba huku anageuza shingo. Ndiyo maana chumba kile kilikuwa na kitasa imara kuliko cha mlango wa mbele, ingawa ufunguo wake ulining'inia jikoni nyuma ya pazia, mahali ambapo kila mtu wa nyumba alipajua.

Siku Baba alipoleta rauta, boksi jeupe lenye masikio mawili, alituita tusimame nyuma ya kiti chake: Mama, Kabula na mimi. Alitaka kompyuta ya Mama ya dukani, simu zao na kishikwambi changu vyote viweze kuifikia kompyuta yake, ili mtu asilazimike kutembea na flashi mkononi kutoka chumba hadi chumba.

"Lazima kompyuta hii iwe na jina," alisema. "Kifaa kikiihitaji, kijue kinamwita nani."

Akaandika kwa herufi kubwa: LUHENDE. Lilikuwa jina la baba yake, babu yangu wa Ushetu, aliyefariki kabla sijazaliwa. "Mzee alijua mpaka wa kila shamba la tumbaku kijijini," alisema. "Sasa atatutunzia ramani."

Mama alitazama ukutani. "Si ungeiita tu Kompyuta?"

"Kwani jina lina ubaya gani?"

"Halina ubaya." Akatoka kwenda dukani kumhudumia mteja. Nilichungulia. Hapakuwa na mteja.

Baba alinifundisha kuita. Kwenye kishikwambi nilianza na mikwaju miwili inayolalia nyuma, kisha jina, herufi kwa herufi, kisha nikabonyeza. Folda zikafunguka moja baada ya nyingine, na katikati yake katuni alizoniwekea. "Umeona?" alisema. "Umemwita, ameitika." Kwa wiki nzima nilimwita Luhende hata nilipokuwa sihitaji kitu, nione tu kama bado yupo.

Kila kifaa kilikuwa na namba pia, lakini namba hazikuwa na msimamo. Rauta ndiyo iliyozigawa, na umeme ulipokatika ukarudi, iligawa upya kama mtu anayegawa karata. Leo kompyuta ni kumi na nne, kesho sita. "Ndiyo faida ya jina," Baba aliniambia. "Namba inahama, jina halihami." Halafu akaongeza kwa utani, akinikonyeza: "Mtu anayekuja mjini kukutafuta kwa namba ya chumba wakati jina lako analijua, huyo ana jambo lake."

Yeye alisahau utani ule kabla hajafika mlangoni. Mimi niliuchukua kama sheria.

Kabula alikuwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa. Alitoka kijiji kimoja upande wa Isaka na alikuja kwetu nikiwa bado nabebwa mgongoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kusalimia kwa Kisukuma, maana wazazi wangu walituzoesha Kiswahili, na alinicheka kila niliposema "mwangaluka", salamu ya asubuhi, jua likiwa limeshapinduka. Mama alimwahidi kumpeleka chuo cha ushonaji mwaka utakaofuata. Kabula alilisubiri jambo hilo kama watu wanavyosubiri harusi. Vipande vya kitenge vilivyobaki kwa mafundi wa mtaani alivikusanya kwenye kikapu chini ya kitanda, na wanasesere wangu walivaa vizuri kuliko mimi. Nyumba yetu ilikuwa njia yake pekee ya kufika chuoni, na hilo hata mimi nililijua.

Sasa nieleze nilichokiona, kwa utaratibu niliokiona.

Umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara. Uliporudi, taa za rauta ziliwaka nyekundu, zikatulia kijani, na hapo Kabula, bila kuitwa na mtu, alifuta mikono, akachukua ufunguo nyuma ya pazia, akaingia chumba cha Baba. Hakukaa. Alitoka akiwa amekunja ngumi. Muda mfupi baadaye alipeleka chai dukani, akarudi, akanawa mikono kwa sabuni. Siku moja nilimvizia karibu na karo nikaona kabla maji hayajagusa: kiganja cha kushoto, wino wa buluu, kumi na nne.

"Nini hicho, dada?"

"Mambo ya wakubwa, Limi. Nenda kacheze."

Sikwenda kucheza. Nilichukua daftari jipya, nikachora mistari ya safu kwa rula. Siku. Saa. Namba. Mkono. Baada ya siku tatu nikaandika sita. Baada ya juma, ishirini na mbili, safari hii mkono wa kulia, maana wa kushoto alikuwa ameungua na mafuta. Nikafungua kishikwambi nikalinganisha: ilikuwa kweli namba ya kompyuta ya Baba kwa siku hiyo. Jina lilikuwepo, kila mtu ndani ya nyumba alilijua, na bado kuna mtu aliyepita kwa namba.

Nikagundua na jambo la pili. Baba alikuwa ameweka kwenye kompyuta ya dukani alama ndogo iliyoandikwa Luhende, Mama aibonyeze tu. Siku moja alama haikuwepo. Niliandika: "Alama imefutwa. Nani?" Na kwa kuwa chai ya Kabula iliishia dukani, na mbele ya duka ndipo palipokuwa na kijiwe cha bodaboda, nilijiridhisha kwamba namba zinatoka nje kupitia kwa mmoja wa vijana wale, hasa yule aliyekuwa akimwita "shemeji" kila anapopita na ndoo.

Wageni wa Baba sikuwaandika. Walikuja mchana, walikaribishwa chumbani kwake, walikaa kwenye kiti kando ya kompyuta. Hakukuwa na safu ya watu wa namna hiyo.

Kisha bibi yangu wa Didia, mama yake Mama, alianguka kisimani akavunjika nyonga. Mama alifunga duka akaenda kumuuguza. Tangu siku alipoondoka, umeme ulikatika na kurudi mara mbili, na Kabula hakuingia tena chumba cha Baba. Mtoto mwingine angeona kwamba jambo limekwisha. Mimi niliandika: "Ameacha. Anajua anaangaliwa."

Mama Shija alikuja Jumamosi adhuhuri. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake waliookota mawe kwenye vifusi, yale marundo ya mawe yanayotupwa nje ya mashimo ya wachimbaji. Katika kuokota kwao waligundua sehemu nyuma ya kilima ambayo haikuwa na mwenyewe na mwamba wake ulikuwa na dalili. Walikaa kimya miezi mingi, wakamchukua Baba kwa siri akawapimia. Sasa alisimama ukumbini na mabuti yake ya mpira, vumbi la mawe limemkaa hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Baba yako yupo?" Baba alikuwa ameshatoka chumbani. "Baba Limi, ramani ile ulituchorea sisi, au uliuchorea mkoa?"

"Karibu ukae kwanza, Mama Shija."

"Nimekaa kwenye kifusi mpaka nyama ya kukalia imekwisha. Sikai. Tumefika ofisini tumeambiwa eneo limeshaombwa. Siku tatu kabla yetu. Kijana pale akatuonyesha karatasi. Pembe nne, zile zile."

"Inawezekana mtu mwingine alipima."

"Mtu mwingine?" Akacheka bila kufungua mdomo. "Si ulituambia mwenyewe pembe ya mashariki ulikosea, imeingia korongoni, utairekebisha? Na wao yao imeingia korongoni. Huyo mtu mwingine kapima mpaka kosa lako?"

Nakumbuka Baba alivua miwani akaifuta kwa shati, na shati lenyewe lilikuwa chafu.

"Wenzangu wako barabarani wanasubiri nirudi na neno," Mama Shija alisema. "Niwaambie nini?"

"Waambie nafuatilia."

"Fuatilia ndani kwanza," alisema, na macho yake yalituzunguka mimi na Kabula aliyesimama mlangoni mwa jikoni, yakabaki kwa Kabula.

Jioni ile Baba hakula. Kesho yake ilikuwa Jumapili, hatukwenda kanisani. Mchana nilimfuata chumbani kwake nikamkabidhi daftari kwa mikono miwili.

Alilisoma amesimama. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka kwenye safu zangu. Sikuwahi kumwona mtu mzima akisoma kitu changu namna ile. "Umeandika vizuri sana," alisema. "Hata mkono umeweka." Kisha akamwita Kabula.

Kabula alikuja akinuka moshi wa kuni na vitunguu. Baba alimfungulia daftari mbele ya uso.

"Hizi namba ni za nini?"

Kabula aliangalia daftari, akaniangalia mimi, halafu akamwangalia Baba kwa muda mrefu kuliko adabu ya nyumba yetu ilivyoruhusu.

"Nimekuuliza."

"Mama akirudi atasema."

"Mama yuko Didia anauguza. Nakuuliza wewe. Kuna ramani ya watu imetoka ndani ya kompyuta hii. Wewe umekuwa ukiingia humu, unaandika namba zake, unanawa. Za nini?"

"Sina la kusema, Baba."

"Basi kafunge mizigo."

Nilitegemea atalia, au atanirukia. Hakufanya lolote. Kwangu kunyamaza kule kulikuwa ukurasa wa mwisho wa daftari. Asubuhi alinikorogea uji kama kawaida, akanipozea kwa kumimina kikombe hadi kikombe. Begi lilikuwa mlangoni. Kikapu cha vipande vya kitenge alikiacha chini ya kitanda. Kabla hajatoka alifungua viganja vyote viwili mbele ya macho yangu, vitupu, vimekunjamana kwa maji.

"Andika na hili," alisema.

Mama alirudi baada ya siku nane. Aliita jina la Kabula tangu getini, akitaka apokelewe kuku aliyepewa Didia. Nilimweleza mimi, kwa fahari, na nikamletea daftari. Alilisoma akiwa bado amemkumbatia yule kuku. Kisha akaketi kwenye ngazi.

"Limi. Hizi namba ni zangu."

Sikuelewa.

"Nilikuwa namtuma mimi. Nikitaka kuchapa kazi ya baba yako kule dukani, natumia namba. Umeme ukirudi namba imebadilika, Kabula ananiangalizia. Ananiandikia mkononi, analeta na chai, nasoma, ananawa. Nilimwambia asikuambie wewe, maana mdomo wako hauna kizibo."

"Kwa nini hukuita jina tu?"

"Ni jina la mkwe wangu." Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba mwenye jina yuko ndani anapumzika. "Mimi ni mkamwana wake. Tangu nilipoolewa halijatoka mdomoni mwangu. Kwetu hatuwaiti wakwe majina."

"Lakini hungesema. Ungeandika tu."

"Kuandika kuna tofauti gani, ikiwa kile kitu kinaitika?"

Nikaelewa pia habari ya alama iliyopotea. Aliifuta yeye mwenyewe, asibonyeze jina la mzee kwa kidole mbele ya wateja. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Baba alibadilishe. "Ningemwambia nini?" alijibu. "Mwanaume kampa babake heshima, nimwambie amtoe? Nilisema nitavumilia. Namba zinanitosha."

Usiku huo sikuwasikia yeye na Baba wakigombana. Asubuhi Mama alitoka kumtafuta Kabula kwa simu ya jirani yake wa kijijini, akaambiwa alifika, akakaa siku mbili, watu wakaanza kusema karudishwa kwa wizi, akaondoka, hawajui alikokwenda. Na Baba aliibadilisha kompyuta jina siku hiyo hiyo. Akaiita MEZA. Hakumuuliza Mama sababu. Nilikuwepo: Mama alisema tu, "Nakuomba ubadilishe lile jina," naye akaketi akabadilisha, kama mtu aliyekwisha kuelezwa. Niliona. Sikuliandika popote, kwa sababu daftari Mama alikuwa amelichoma jikoni.

Kikundi cha Mama Shija hakikupata eneo. Walioliomba kwanza walilipata, wakaweka uzio wa miiba, na baadhi ya wale wanawake wakaajiriwa humo humo kugonga mawe. Kuna jambo jingine nililiona baada ya miezi michache, na nalisema hapa kwa mara ya kwanza: gari la pikapu lilimleta Baba nyumbani, na dereva alikuwa mmoja wa wageni waliowahi kukalia kile kiti. Watoto wa mtaani waliniambia ni gari la kule nyuma ya kilima. Mpimaji hufanya kazi na kila mtu, nilijiambia. Nikaingia ndani kumwandalia maji ya kuoga.

Nyumbani tulibaki na maelezo mamoja. Mama alikosea kuficha, mimi nilikosea kuandika, Baba alidanganyika kwa sababu hakujua habari za namba. Nani alitoa ramani hatukujua. Tuliishi na maelezo hayo miaka yote.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Isaka. Malori ya kwenda magharibi hupanga foleni pale kusubiri mizigo ya bandari kavu, na kando yake kuna vibanda vya watu wanaoishi kwa foleni hiyo. Kimojawapo kinashona maturubai. Nilisimama kwa sababu ya kivuli. Mwanamke mnene kidogo alikuwa ameinama kwenye cherehani kubwa, turubai la buluu limemfunika hadi magotini, wasichana wawili wakimvutia upande wa pili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Sindano haikusimama. Kisha aliinua macho, akanitazama, akacheka. "Limi wa daftari!"

Nilimtambua Kabula kwa kicheko kile.

"Leo umekuja mikono mitupu? Au limo mkobani?" Wasichana wale wakacheka bila kujua wanacheka nini. "Mpisheni akae, huyu nimembeba mgongoni. Alikuwa mzito kama debe la karanga, na hajawahi kushuka kwa hiari."

Nilikaa kwenye rundo la turubai lililonuka mafuta ya gari. Nilimwambia nililokuwa nimelibeba. Kwamba Mama alinieleza kuhusu namba, kwamba tulimtafuta, kwamba nilikosea na naomba msamaha. Alisikiliza huku akikata nyuzi kwa meno.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Uliandika ulichokiona. Wewe sikukuwekea kitu moyoni, ila uji wako wa siku ile nilitaka niutie chumvi."

"Mama alisema angekuwepo angekutetea. Maana Baba naye hakujua."

Kabula aliacha uzi mdomoni. "Nani hakujua?"

"Baba. Habari za namba."

Aliwatuma wale wasichana maji ya kunywa, akasubiri watoke.

"Jumapili ile asubuhi," alisema, "ulikuwa bado umelala. Nilimpelekea baba yako maji ya kunawa. Nikaona hana raha, na yule mama wa mawe jana yake alikuwa amenitazama vibaya. Nikasema bora niseme mapema. Nikamwambia, Baba, mimi naingia humu kwa sababu Mama hunituma namba, jina la mzee halimtoki. Nikamweleza mpaka habari ya chai. Akacheka. Akasema, 'Wanawake wa Didia, bwana!' Akasema sawa, nimeelewa, nenda kapike."

Lori moja liliwashwa nje, tukasubiri lipite.

"Mchana ndiyo ukaja na daftari."

"Mbona basi hukusema mbele yangu?"

"Nimwambie mara ya pili mtu aliyesikia ya kwanza?" Alivuta turubai, akalilaza chini ya sindano. "Nilimwangalia nione kama amesahau. Hakuwa amesahau."

Sikumuuliza anavyofikiri. Alinishika mkono mpaka barabarani, akaniuliza kama nimeolewa, akanitania kwamba namba ya simu yake ataniandikia kwenye karatasi, siyo mkononi.

Baba sasa amestaafu, yuko Ushetu na Mama, wanalima. Hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili iliyofuata nilimsikiliza habari za mvua na za mbegu, kisha nikamuuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua: siku nilipokuletea lile daftari, Baba, ulikuwa umeshaambiwa zile namba ni za Mama?

Simu haikukatika. Nilisikia jogoo kwake, na Mama kwa mbali akimwita mtu.

"Nani amekwambia?" aliuliza.

Nikasema nimewaza tu. Akasema sawa, akaniaga. Mama sijamwambia. Jumapili iliyofuata Baba alinisimulia habari za mkutano wa chama cha msingi cha wakulima kwa kirefu, na kabla ya kuaga akauliza tena, nani alikwambia. Na iliyofuata. Kila Jumapili anauliza mara moja tu, mwishoni, kwa upole, na kila Jumapili namwambia hakuna mtu. Juzi aliongeza kwamba akipata nafasi atakuja Shinyanga, tuongee vizuri.